Nyumba mpya inavuja na fundi hashiki simu: ni mlango upi wa kubisha?

Masika yanapoingia Malindi, nyumba mpya huanza kusema. Zile zilizomalizwa wakati wa kaskazi, jua likakausha lipu upesi na rangi ikapendeza, ndizo mwezi wa Mei hutoa siri zao: dari limeota madoa ya maji, ufa umechomoza kwenye kona ya dirisha, mlango umevimba haufungi, na chini ya ukuta rangi inabanduka na kuacha unga mweupe wa chumvi. Mwenye nyumba anapiga simu. Fundi anasema, "Nakuja kesho, inshallah." Wiki ya tatu simu haishikwi tena.

Hapo ushauri wa barazani humiminika. Mmoja asema mpeleke kwa chifu. Mwingine asema polisi, alale ndani siku mbili atalipa. Wa tatu amesikia kwamba NCA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, itamlazimisha arudishe pesa. Wa nne asema samehe tu, kwa sababu hamkuandikiana. Wote wanne wana nia njema, na wote wanne wanaweza kukupotezea miezi.

Ofisi hizi hazifanyi kazi moja. NCA inajibu swali la kama huyu mtu anaruhusiwa kujenga. Kaunti inajibu kama jengo lile liliruhusiwa pale lilipo. Polisi wanajibu kama kuna jinai iliyotendeka. Swali la nani anamdai nani, na kiasi gani, linajibiwa na mahakama au na mtu ambaye nyinyi wawili mmemkubali. Mwenye nyumba inayovuja karibu kila mara ana swali hili la mwisho, lakini anabisha milango mitatu ya kwanza.

Umegombana na nani hasa?

Mtu tunayemwita mjenzi anaweza kuwa mmoja kati ya watu watatu, na kila mmoja ana deni lake tofauti kwako. Kuna fundi wa leba: wewe unanunua saruji, mchanga, mawe na nondo, yeye analeta ujuzi wake na vibarua. Kuna kontrakta: mmekubaliana bei moja, vifaa na watu ni juu yake, mwisho anakukabidhi ufunguo. Halafu kuna muuzaji, mtu au kampuni iliyojenga kwa pesa zake kisha ikakuuzia nyumba ikiwa tayari, au ikiwa bado iko kwenye ramani.

Fikiria kanzu. Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa chako, mshono ukifumuka ni juu yake, lakini kitambaa kikichuja rangi ni juu yako. Ukimwambia atafute kitambaa mwenyewe na ashone, kuchuja na kufumuka vyote ni vyake. Na ukiinunua dukani ikiwa imetundikwa, humjui aliyeshona wala huna haja ya kumjua. Unarudi kwa mwenye duka.

Huyu wa dukani ndiye anayewachanganya wanaonunua nyumba mpya upande wa Watamu au Casuarina. Bomba likipasuka ndani ya ukuta, muuzaji anamwambia mnunuzi, "Mtafute plamba, ndiye aliyefunga." Mnunuzi naye, kwa upole wake, anaanza kumsaka plamba hadi Mtwapa. Lakini aliyepokea pesa zako na kukuahidi nyumba ni muuzaji. Plamba ana hesabu zake na muuzaji, na hizo wewe hazikuhusu.

Kwa fundi wa leba mambo ni magumu zaidi, na ndiyo njia ambayo wengi wetu tunajengea. Akisema mchanga ulikuwa mbaya, na mchanga ulinunua wewe, ana hoja. Si hoja ya kumwokoa kabisa, kwa sababu fundi mzoefu anatarajiwa kujua mchanga usiofaa anapoushika, na kukuambia. Lakini inapunguza nguvu ya dai lako, na ni vizuri uijue kabla hujaisikia mbele ya hakimu.

Pwani tuna utata mwingine ambao sheria haikuubuni. Mtu yuko Doha au Jeddah, anatuma pesa kwa kaka yake, na kaka ndiye anayesimamia ujenzi. Kisheria kaka ni wakala. Mkataba ni kati ya aliye Doha na fundi, mradi fundi alijua anamjengea nani. Tabu iko kwenye ushahidi. Pesa zote zilitoka kwenye M-Pesa ya kaka, na ni kaka aliyesema "ongeza veranda hapa" bila kutaja bei. Kwa hiyo kaka lazima awe shahidi na atoe ujumbe wote ulio kwenye simu yake. Na ikiwa zilitumwa pesa za mifuko 200 ya saruji ikafika 140, basi ugomvi ni miwili, na kikao cha kwanza ni cha familia. Fundi atautumia ugomvi huo wa ndugu kama utetezi wake, na hatakuwa na kosa kufanya hivyo.

Si kila ufa ni kesi

Lipu ikikauka haraka kwa jua na upepo wa bahari hutoa nyufa nyembamba zisizo na mpangilio. Hizo ni za juu juu. Hukwanguliwa zikapakwa upya. Ufa wa kukutia wasiwasi ni ule unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopanda kwa kufuata viungo vya mawe, unaoonekana pande zote mbili za ukuta, na zaidi ya yote, unaozidi kupanuka. Huo unaweza kumaanisha msingi unatitia, au linta, yaani boriti ya juu ya dirisha au mlango, ni fupi, au haikuwekwa kabisa. Weka alama ya penseli kila mwisho wa ufa, andika tarehe palepale ukutani, pima upana, piga picha rula ikiwa kando. Rudia baada ya wiki chache. Ufa uliosimama na ufa unaotembea ni kesi mbili tofauti.

Zege nalo lina mambo yake. Saruji haikauki kama udongo. Inashikana kwa kufanya kazi pamoja na maji, na ndiyo sababu slabu humwagiliwa maji siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Kwa jua la Malindi, slabu iliyoachwa kavu tangu siku ya pili haiwezi kuwa sawa na iliyofunikwa magunia na kumwagiliwa. Swali la nani alitakiwa kumwagilia linaonekana dogo, lakini kesi nzima inaweza kuegemea hapo. Mafundi wengi humwachia mwenye nyumba kazi hiyo kwa mdomo tu: "Utamwambia kijana awe anapiga maji." Ikiwa ulikubali, kijana wako hakupiga maji, lawama si ya fundi peke yake.

Kisha chumvi. Mchanga wa ufuoni na maji ya kisima yenye chumvi hushawishi kwa sababu ni vya karibu na ni rahisi. Ndani ya zege, chumvi hiyo hula nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua zege kutoka ndani, polepole, miaka baada ya watu kuhamia. Unga mweupe unaotoka juu ya lipu ni jambo jingine: ni maji yanayopanda au kupenya ukutani, yakivukiza yanaacha chumvi nje. Unaudhi macho, na mara nyingi dalili yake ni kwamba juu ya msingi hapakuwekwa karatasi ya kuzuia unyevu. Lile la kwanza ndilo la hatari zaidi, na ndilo lisiloonekana mapema. Ukishuku mchanga, chukua sampuli mbele ya mashahidi kabla rundo lililobaki halijatumika.

Lamu ina hesabu yake tofauti. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuacha upumue. Ukiufunika kwa saruji ngumu, unyevu unakwama ndani, rangi inabanduka, na kila mtu anamlaumu fundi. Pengine fundi alifanya hasa alichoambiwa na mwenye nyumba aliyetaka ukuta laini kama aliouona Mombasa. Na Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kumwamuru fundi "bomoa ujenge upya" si jambo la nyinyi wawili tu. Kazi inayobadilisha jengo mle inahitaji ridhaa ya wanaosimamia urithi huo. Hata gharama ya ukarabati hukadiriwa vingine. Hakuna lori linaloingia vichochoroni. Kokoto inavuka kwa boti kutoka Mokowe, kisha inapanda punda. Anayekuandikia makadirio ya ukarabati bila kuhesabu boti na punda amekupunguzia dai lako mwenyewe.

Ili dai lisimame unahitaji mtu asiye na maslahi: mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, au msanifu wa majengo au mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa na bodi yao. Ripoti yake ijibu mambo matatu: kasoro ni ipi, imesababishwa na nini, na kuirekebisha kutagharimu kiasi gani. Fundi mwingine aliyekuja kuangalia, akatikisa kichwa na kusema "huyu amekuibia", hajakupa ripoti. Huyo anatafuta kazi.

Na usirekebishe kabla ya kurekodi. Watu wengi hushikwa na hasira, wanaita fundi wa pili, anagonga lipu yote na kupaka mpya, kisha wanakwenda mahakamani na ukuta mzuri. Ukuta mzuri hauna la kusema. Ikiwa kuna hatari, au maji yanaharibu vitu, ziba kwa muda, piga picha kabla na baada, weka vipande vilivyong'olewa. Sheria pia haikuruhusu kuiacha hasara ikue makusudi: huwezi kuyatazama maji yakidondoka miezi sita kisha ukadai na godoro.

"Hatukuandikiana, basi sina kesi"

Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote. Makubaliano ya mdomo ya kujengewa nyumba ni mkataba halali Kenya. Kinachotakiwa kuwa kwenye maandishi na kutiwa saini, kwa mujibu wa kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, ni uuzaji wa ardhi na haki zilizomo. Ndiyo maana aliyenunua nyumba kwa muuzaji lazima awe na karatasi, na aliyemwita fundi wa leba hata bila karatasi bado anaweza kudai. Watu wameyachanganya haya mawili, na mafundi wachache wajanja wanafurahi yaendelee kuchanganywa.

Anachokosa wa mdomo ni wepesi wa kuthibitisha. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zilikwenda, hausemi za nini. Kwa hiyo kila unapolipa, tuma ujumbe mfupi wa aina hii: "Assalaam alaykum fundi. Leo nimekutumia 60,000 za kumalizia lipu ya nje. Jumla uliyopokea sasa ni 540,000 katika 700,000 tulizokubaliana. Ikiwa hesabu yako ni tofauti nijulishe." Akijibu "sawa mzee", mna hesabu iliyokubaliwa na pande zote mbili, na mmeifanya bila ugomvi. Picha, sauti za WhatsApp, risiti za hadwea na jirani aliyekuwapo siku ya kupatana, vyote ni ushahidi. Kwa ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza umetolewaje kwenye simu. Wakili anakiandaa bila shida, lakini simu yenyewe usiiuze.

Kazi za ziada ndizo zinazovuruga hesabu kuliko wizi. Mlipatana vyumba vitatu. Katikati mwenye nyumba akasema inua ukuta, ongeza baraza, badilisha choo kiwe cha kukaa. Hakuna aliyetaja bei. Mwisho mmoja anadhani ilikuwa ndani ya bei, mwingine anadhani anadai 120,000. Wote wawili wanaamini kwa dhati kwamba wameibiwa.

Wala ukimya wa mkataba haumpi mjenzi ruhusa ya kufanya kazi mbovu. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia mtoa huduma kuwa amekuhakikishia ubora huo hata kama hakuutaja.

Kuna jambo jingine linaloletwa na jamaa zetu walio Uingereza, ambako nyumba mpya nyingi huuzwa zikiwa na dhamana ya miaka 10. Kenya hatuna dhamana ya lazima ya namna hiyo. Kilichopo ni kipindi cha kasoro mnachojiwekea kwenye mkataba, mara nyingi miezi 6, ambapo kontrakta anatakiwa kurudi na kurekebisha kwa gharama yake. Kipindi hicho kikiisha, mjenzi hukwambia muda umekwisha. Uliokwisha ni wajibu wake wa kurudi bila kushtakiwa. Haki yako ya kudai kwa mkataba uliovunjwa inadumu miaka 6, na kwa uzembe uliokuletea hasara nje ya mkataba miaka 3, chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai. Tahadhari ni kwamba saa ya mkataba huanza kuhesabu siku mkataba ulipovunjwa, hata kama ufa ulikuja kuuona baadaye.

Milango isiyolipa pesa

NCA iliundwa kwa sheria ya 2011. Inasajili makontrakta katika madaraja manane, la 1 likiwa la kazi kubwa kabisa, na inawatambua mafundi stadi pia. Inaweza kusimamisha kazi au kumfutia mtu usajili. Haiwezi kuamua kwamba fulani akulipe 350,000. Hata hivyo kontrakta anayeishi kwa leseni hapendi malalamiko juu yake, na barua kwa NCA wakati mwingine humfanya ashike simu. Kwa fundi asiye na usajili wowote, barua hiyo ni hewa.

Kaunti ya Kilifi na ya Lamu hutoa idhini za ujenzi chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Idhini ya ramani haimaanishi kaunti imesimama juu ya kila toroli la zege. Na kabla hujakimbilia huko, kumbuka anayetakiwa kuwa na idhini ni mwenye nyumba. Ukienda kumshtaki fundi hali wewe mwenyewe ulijenga bila idhini, utarudi na notisi yako.

Chifu na mzee wa mtaa wanaweza kuwapatanisha, na kwa dai dogo la majirani hawa ni wazuri kuliko wakili. Hawana uwezo wa kutoa hukumu ya kulipa. Kadhi naye, kwa wanaomfikiria hasa Lamu, mipaka yake imewekwa na ibara ya 170 ya Katiba: ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Ugomvi wa lipu haumo. Lakini hakuna anayewazuia kukaa msikitini baada ya Alasiri mbele ya mtu mnayemheshimu, mkafanya sulhu. Mkipatana, andikeni, tieni saini na mashahidi. Karatasi hiyo ni mkataba mpya, na ni rahisi kuudai kuliko ule wa mwanzo uliosahaulika nusu.

Polisi si wakusanyaji wa madeni, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba jinai isitumiwe kubana watu katika madai ya kawaida. Kufanya kazi vibaya si jinai. Kuchukua pesa kwa uongo, mtu akiwa tangu mwanzo hana nia ya kujenga, hiyo ni jinai chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Tofauti iko kwenye nia, na nia ni ngumu kuithibitisha kwa mtu aliyekwisha kukujengea hadi linta.

Hesabu, na mahali pa kuipeleka

Kabla ya kutaja kiasi unachodai, fanya hesabu kwa haki. Tuseme bei ilikuwa 1,800,000, umelipa 1,500,000, na ripoti inasema ukarabati ni 450,000. Wengi hudai 450,000. Lakini bado unadaiwa 300,000. Dai lako halisi ni 150,000. Na kama ukarabati ungekuwa 200,000, wewe ndiye ungetakiwa kumpa fundi 100,000. Kuzuia salio lote kwa sababu ya bawaba mbili za mlango hakukubaliki. Unazuia kwa kadiri ya kasoro. Fundi naye ana haki ya kuleta dai lake dhidi ya dai lako, na huleta.

Ndiyo maana mikataba ya ujenzi huacha sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, mkononi mwa mwenye nyumba hadi kipindi cha kasoro kiishe. Fundi wa leba hatakubali kirahisi, kwa kuwa ana watoto wa kulisha, na simlaumu. Mpe basi malipo mazuri kila hatua, na fungu dogo la mwisho lingoje masika yapite. Kwa maoni yangu fungu hilo lina nguvu kuliko ofisi zote nilizozitaja.

Hatua inayofuata ni barua au ujumbe wa kumtaka arekebishe: taja kasoro moja moja, weka picha, mpe siku ya kuja kuona na muda unaofaa, siku 14 kwa mfano. Umwachie nafasi ya kurekebisha. Ukimfungia geti halafu ukadai hakuja, ni wewe utakayehojiwa.

Asipoitikia, tazama kwanza kama mkataba wenu una kifungu cha usuluhishi. Mpatanishi huwasaidia mpatane wenyewe. Msuluhishi huwasikiliza kisha anaamua, na uamuzi wake unawafunga. Kifungu hicho kimo kwenye mikataba mingi ya ujenzi iliyochapishwa tayari, na kikiwamo, mjenzi anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi yako chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Msuluhishi mnamlipa nyinyi. Kwa hoteli ya ghorofa nne ni sawa; kwa nyumba ya vyumba viwili ada yake inaweza kumeza dai lenyewe. Ningekuwa mimi, kwenye mkataba mdogo ningekifuta kabla ya saini.

Pasipo kifungu hicho, dai lisilozidi 1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2020 kutoka 200,000. Unaweza kujisemea bila wakili, kanuni za ushahidi hazikazwi sana, na uamuzi unatakiwa ndani ya siku 60 tangu kufungua kesi. Rufaa ni kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo ukuta uelezee vizuri mara ya kwanza. Mahakama hii haijafika kila mahali. Uliza masjala ya mahakama iliyo karibu nawe, Malindi au Lamu. Pasipokuwepo, au dai likiwa kubwa zaidi, ni kwa hakimu: hakimu wa ngazi ya chini husikiliza madai hadi 5,000,000 na hakimu mkuu anafika 20,000,000. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Hata baada ya kufungua kesi mnaweza kupelekwa kwenye upatanishi wa mahakama, na mkikubaliana huko makubaliano yanakuwa amri.

Popote utakapokwenda, hasara zako zitaje moja moja na uzithibitishe: risiti, makadirio ya mtaalamu, kodi uliyolipa kwingine ukisubiri. "Nimepata hasara kubwa" haina tarakimu, na mahakama haiwezi kuibuni.

Kisha kuna suala la kukusanya. Hukumu si pesa. Dalali wa mahakama anaweza kukamata mali ya aliyeshindwa, na mahakama inaweza kuagiza mtu anayedaiwa na fundi huyo akulipe wewe moja kwa moja. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakataza kukamata vifaa ambavyo mtu anahitaji kwa kazi yake. Mwiko, timazi, nyundo na msumeno wake havikamatwi, na wale wanaovifungia stoo hadi fundi alipe wanajitafutia kesi ya pili. Fundi asiye na kiwanja wala gari atalipa kwa awamu, au kwa kazi, mkikubaliana. Ikiwa ndivyo ilivyo, awamu hizo ziombe mapema na ziandikwe, kabla ada za mahakama na za dalali hazijaongezwa juu ya deni ambalo tayari linamlemea.